Kumng'oa Shemeji

Nilipojitolea kumng'oa Shemeji, tayari nilikuwa na msimamo, nilikuwa na hoja, na nilikuwa na jozi ya glavu za mpira za kuoshea vyombo. Jembe sikuwa nalo.

Shemeji ni kichaka. Yafaa niliseme hilo mapema, kwa sababu niliwahi kutamka katika mkahawa wa chuo kwamba Jumapili nzima nilishinda nikimkata Shemeji kwa panga, na wasichana waliokuwa meza ya jirani wakabeba sahani zao wakahamia karibu na mlango.

Jina alipewa na Bibi. Zamani, mdogo wake Babu alikuja kutembea kwa wiki moja, akaleta zawadi ya kijiti kilichochomekwa katika kopo la maziwa. Mgeni akakaa mpaka akaoa. Kijiti kikapandwa kando ya ukuta, nacho kikakaa. Hatimaye mgeni alipoondoka na mkewe, kijiti, ambacho wakati huo kilikuwa kimefika kifuani mwa mtu mzima na kuota miiba, kikarithi jina lake.

"Wote wawili," Bibi husema, "huwezi kupita karibu nao wasikushike nguo."

Hadithi hiyo ya kijiti nimeisikia tangu utotoni, na kila mara nimecheka. Ningeisikiliza badala ya kuicheka, kazi ninayoieleza hapa ingekwisha kwa alasiri moja.

Nyumba ya Bibi ina milango miwili. Wa mbele una ngazi za juu, zilizojengwa na Babu wakati ambapo hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na habari kwamba magoti huchoka. Wa jikoni uko sawa na ardhi, na kutoka hapo hadi getini pana njia nyembamba ya mabamba ya saruji, kati ya nyumba na ukuta wa jirani. Shemeji alikuwa amesimama katikati ya njia hiyo kama askari wa kizuizini. Mizizi yake ilikuwa imeinua bamba moja, na ni juu ya bamba hilo ndipo Bibi alipoteleza akavunjika nyonga. Hospitali ilimrudisha kwetu na fremu ya chuma ya kutembelea, pamoja na agizo kwamba atembee nje kila siku. Bibi alitembea: kutoka chumbani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chumbani. Nje alikutazama kupitia dirishani.

Mimi naishi naye kwa sababu chuo kiko karibu. Kwa hiyo ni mimi niliyeshika simu, sauti ikiwa wazi, siku Mjomba, mwanawe wa kiume wa pekee, alipotoa hukumu.

"Mama hawezi kufungiwa ndani kama gunia stoo," alisema. "Kwangu kuna lifti, kuna korido pana, atatembea. Nakuja mwisho wa mwezi. Akitoka mlango wa jikoni akafika getini kwa miguu yake, bila kushikwa na mtu, anabaki kwake. Asipofika, naondoka naye. Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia," Bibi alijibu. Kisha akanigeukia. "Punguza moto, maharage yanashika chini."

Katika nyumba hiyo Bibi alizaa, akazika mume, na anajua kwa kugusa ni swichi ipi hupiga shoti. Nilimwona akipangusa meza iliyokuwa safi.

"Usijali, Bibi. Njia nitaifungua mimi."

Aliitazama mikono yangu kwa muda, mbele na nyuma.

"Haya, mke mwenzangu," alisema. "Tutaona."

Lazima nieleze kwamba nasomea mazingira, niko mwaka wa pili, na ni katibu wa chama cha wanafunzi cha kutunza uoto. Watu wa mwaka wa kwanza hawajui kitu na wa mwaka wa tatu wamekwisha kukata tamaa. Sisi wa mwaka wa pili ndio tunaoshikilia dunia isianguke. Nilikuwa nimekula kiapo, mbele ya wanachama wenzangu na sahani ya karanga, kwamba sitatumia sumu wala moto dhidi ya kiumbe chochote chenye mizizi. Ndiyo sababu nilipokwenda kumkabili Shemeji asubuhi iliyofuata, jambo la kwanza nililofanya ni kusimama mbele yake na kumwomba radhi. Niliona kuwa ndiyo heshima.

"Unaongea na nani, Profesa?"

Kichwa cha jirani yetu kilikuwa kimechomoza juu ya ukuta. Jirani huyu ni dereva wa lori aliyestaafu, mtaa mzima humwita Dereva, naye tangu nilipoingia chuoni ameniita Profesa, bila hata chembe ya heshima inayoambatana na cheo hicho.

"Shikamoo, mzee. Nataka kuutoa mti huu."

"Marahaba. Ngoja nikupe dawa. Unakata, unapaka kwenye kisiki, unaenda kulala. Ukiamka, marehemu."

"Nashukuru, mzee, lakini sumu huingia katika udongo, kutoka hapo ikaingia katika maji, na kutoka katika maji ikaingia ndani yetu."

"Basi mafuta ya taa. Tunampiga kiberiti."

"Moshi, mzee."

Dereva alikuna kidevu. "Sasa nikupe nini? Kalamu umwandikie barua ahame?"

"Panga," nilisema. "Na jembe, kama lipo."

Alinipa vyote viwili kwa juu ya ukuta, akabaki pale pale, viwiko juu ya matofali, kama mtu aliyekata tiketi.

Nilikiona cha mtema kuni. Glavu za kuoshea vyombo zilitoboka kabla sijakata tawi la pili. Shemeji alinishika mkono wa gauni, nikajinasua, akanishika nywele. Kila tawi nililokata lilitoa harufu kali ya majani yaliyopondwa, na kila nilipoinama kuliokota, tawi la juu lilinipiga mgongoni kwa namna ambayo, ingekuwa ni mtu, ningesema ana makusudi. Dereva alikuwa akitoa taarifa kwa Bibi aliyekuwa dirishani: "Amekata, dada! La, amekatwa."

Hata hivyo, kufikia jioni nilikuwa nimemwangusha. Kisiki nilikikata hadi usawa wa ardhi, nikakifunika kwa majani makavu kisinikere macho, na nikaamua kwamba kuchimba mizizi kutakuwa hatua ya pili. Watu wa mipango tunapenda sana kazi ya kesho iwe na jina.

Likabaki rundo la matawi. Mtu mwingine angelitupa. Mimi naamini hakuna taka, kuna mali iliyokosa jicho la kuiona, na jicho nilikuwa nalo. Nilichagua matawi manene yaliyonyooka, nikakwangua miiba kwa kisu, nikachonga ncha, nikayapigilia ardhini kama vigingi pande zote mbili za njia, kutoka mlango wa jikoni hadi getini. Juu nikafunga kamba ya katani. Ilikuwa reli ya mkono! Bibi akichoka, atapata pa kushika. Kizuizi kilikuwa kimegeuka kuwa msaada, na machozi yakanilengalenga kwa jinsi nilivyokuwa na akili.

Kwenye mkutano wa chama nilionyesha picha za reli ile, nikaeleza falsafa yake. Walinipigia makofi. Mwenzetu mmoja aliomba nirudie sehemu ya mali iliyokosa jicho. Nikairudia, na nikaongeza kidogo.

Bibi alifika kizingitini na fremu yake, akavitazama vigingi.

"Umewapanga kama gwaride."

"Ni kwa ajili yako. Jaribu, Bibi."

"Kesho. Leo mguu umegoma."

Kesho yake ilikuwa goti. Siku iliyofuata upepo, halafu jua, halafu akasema anasubiri simu, ingawa simu ilikuwa mfukoni mwangu. Sikushtuka. Nilimpa hata maelezo marefu kuhusu umuhimu wa mwili kupumzika.

Kisha mvua ikanyesha. Ilinyesha kwa upole, mchana na usiku, mvua ya aina ambayo wakulima huiombea, na mimi nikiwa katika maandalizi ya mitihani niliisikiliza nikiwa nimejifunika, nikifurahia udongo unavyokunywa. Ilipokatika nilitoka nje kukagua reli.

Kila kigingi kilikuwa kimechipua. Kila kimoja kilikuwa na majani mapya, mabichi, yenye afya ya kutamanisha, na kati ya majani vimiiba laini kama meno ya mtoto. Kisiki nacho kilikuwa kimeyasukuma majani makavu kando na kutoa machipukizi kama mkono unaonyoosha vidole baada ya usingizi mnono. Nilikuwa nimemkuta Shemeji mmoja, mahali pamoja. Kwa mikono yangu, na kwa falsafa, nilikuwa nimempanda kutoka mlangoni hadi getini, kushoto na kulia.

Viwiko vya Dereva vikatua juu ya matofali.

"Profesa. Hiki kitalu, miche unauza au unagawa bure?"

"Ni jaribio, mzee."

"Jaribio la nini?"

Nilitafuta neno. "La uotaji."

"Ahaa!" Dereva aliliangalia gwaride zima kutoka mwanzo hadi mwisho. "Limefaulu!"

Nilianza kuving'oa. Vingine vilitoka, vingine vilikuwa vimekwisha kujishikilia na vikakatikia mkononi. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia, na sasa kukicha nilikuwa nje kabla ya kwenda darasani, nikivuta na kusonya. Machipukizi ya kisiki ndiyo yaliyonishinda. Niliyakata, yakarudi. Niliyakata tena, yakarudi yamenenepa. Mimea yote mingine bustanini ilikuwa na kiasi. Huu ulikuwa kama unakula vizuri mahali fulani.

Asubuhi moja nilisahau kitabu, nikarudi kwa njia ya getini. Bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, tumbo limeegemea fremu, mikononi bakuli la maji meupe aliyooshea mchele. Aliyarusha. Yalipaa, yakatua juu ya kisiki, yote, bila tone kwenda pembeni. Shabaha ile haikuwa ya mara ya kwanza.

"Bibi!"

"Nini tena?"

"Unamwagilia Shemeji?"

"Namwaga maji. Unataka yapande juu?"

"Sinki iko nyuma yako."

Bibi aligeuka akaitazama sinki kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. "Hii? Hii inaziba."

"Haijaziba."

"Itaziba."

Nilisimama na matope yangu ya asubuhi. Yeye akashusha bakuli, akavuta kiti cha jikoni kwa ncha ya fremu, akakaa.

"Hebu nikuulize. Habari za mti huu umemwuliza nani?"

Nilihesabu kimoyomoyo. "Dereva. Wenzangu wa chuo. Mwalimu wetu mmoja."

"Na mti wenyewe uliuuliza. Nilikusikia."

"Nilikuwa nauomba radhi," nilisema kwa sauti ndogo.

"Sawa. Na mimi?"

Nilifungua kinywa. Kwa kawaida nikifungua kinywa kitu hutoka.

"Wewe," nilisema hatimaye, "wewe nilikutengenezea njia."

"Njia ya wapi? Pale ndipo nilipolala, mwanangu. Lile bamba lilicheza chini ya mguu wangu kama jino bovu, nikaenda chini, nikalala pale naangalia mizizi ya Shemeji mpaka Dereva aliposikia naita. Sasa kila mtu ananiambia, pita pale. Daktari, pita pale. Mjomba wako, pita pale. Wewe unanifungia na kamba. Huyu Shemeji akiwepo, hakuna wa kuniambia nipite. Nikiangalia dirishani naona majani, basi. Pale mahali sipaoni."

"Na Mjomba akija?"

"Hapo ndipo usingizi unapokwenda." Alikuwa akikunjakunja pindo la kanga. "Kwa mjomba wako sitaki. Pale siwezi. Sasa niambie, Profesa, mimi niende wapi?"

Hakuwahi kuniita hivyo. Kinywani mwa Dereva jina hilo hunikuna. Kutoka kwa Bibi lilinichoma kuliko miiba yote ya msimu ule. Nilikaa kwenye kizingiti, karibu na miguu yake, na kwa kuwa sikuwa na hoja iliyobaki, nikauliza swali.

"Unachoogopa ni nini hasa? Ni njia yote?"

Alifikiri. "Ni bamba. Lile lile moja."

"Nikilitoa?"

"Utasema umelitoa. Wewe ulisema Shemeji umemtoa."

"Nikilitoa ukiwa unaliona?"

Bibi aliinua fremu na kuigonga sakafuni. "Nisogezee kiti hapa mlangoni," alisema. "Na hayo maji ya mchele sitamwaga tena leo."

Darasani sikwenda. Nilianza na vigingi vilivyobaki, nikaving'oa vyote pamoja na kamba, na safari hii nikavianika juu ya paa la choo cha nje, mizizi ikitazama jua. Kisha nikalibandua bamba kwa nondo. Chini yake ulikuwa mzizi mnene kama mkono wangu, umelala bapa kana kwamba ulikuwa ukibeba bamba kwa bega. Nilichimba pande zote. Nilimwaga maji, nikachimba tena. Nilikata mizizi ya kando kwa panga, na kila uliokatika Bibi alisema "Bado," kwa utulivu wa mtu anayeangalia chungu.

Nilipofunga kamba kwenye kisiki na kuvuta, nilichofanikiwa kukisogeza ni mimi mwenyewe.

"Profesa," ikatoka sauti ya juu ya ukuta, "kiapo chako kinaruhusu watu wawili?"

"Kinaruhusu, mzee! Njoo!"

Dereva alizunguka kwa getini, akajifunga kamba kiunoni, akatema mate mikononi. Tulivuta. Kitu kikalia ardhini kama kitambaa kinachochanwa, kikasita, kisha kikaachia, na sote wawili tukakaa kwenye matope kwa mkupuo mmoja, Dereva akiwa amekalia mguu wangu. Shemeji alikuwa nje, mzima mzima, mizizi imetawanyika hewani kama nywele za mtu aliyeamshwa.

Bibi alicheka hadi akaikumbatia fremu. Alipopata pumzi akanyoosha kidole. "Na hilo bamba. Litoke kabisa getini. Nilione likitoka."

Tulilibeba mbele ya macho yake. Alilisindikiza kwa macho hadi lilipopotea. Mimi nikafukia shimo, nikakanyagakanyaga juu yake, nikatangaza kwamba kazi imekwisha.

Mjomba alifika siku iliyofuata, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, mkononi begi kubwa gumu la magurudumu. Lilikuwa jepesi; lilirukaruka nyuma yake lilipopita kwenye kokoto. Aliliacha limesimama getini, akaja kando ya njia kutusalimia.

"Shikamoo, Mjomba. Kabla hujaanza, ningependa kueleza kwamba—"

"Wewe," alisema Bibi, "kaa pembeni."

Nikakaa pembeni. Bibi alijifunga kanga vizuri, akashika fremu, akavuka kizingiti. Fremu mbele, mguu, mguu. Fremu mbele, mguu, mguu. Njia ilikuwa tupu, ukuta huku na ukuta huku, hakuna kamba wala kigingi, na niliingiza mikono yangu makwapani isije ikakimbilia mahali.

Alipofika penye shimo nililofukia alisimama. Alipaangalia. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na mpaka leo hajaniambia alichosema. Kisha akasukuma fremu mbele, na mguu mmoja wa fremu ukazama kwenye udongo wangu laini.

Bibi akayumba. Mjomba akaruka mbele.

"Usisogee!"

"Mama, utaanguka!"

"Nikianguka utaniokota. Sijaanguka, sasa unaokota nini? Rudi pale!"

Mjomba alirudi pale, uso umembadilika rangi. Sijawahi kunyamaza kwa nguvu kiasi kile. Bibi aliubana mpini, akaunyanyua mguu wa fremu ukatoka na kibonge cha udongo, akauweka mbele palipo pagumu, akaujaribu mara mbili. Mguu wake wa kushoto ukapita. Wa kulia ukasita, ukaburutika, ukapita. Baada ya hapo hakuangalia chini tena. Alikwenda hadi getini akalishika geti kwa kiganja, kama mtu anayegusa mtoto wake aliyetoka safari.

Alikuwa anatweta. Akalitazama begi.

"Zuri," alisema. "Gumu. Lilaze nikae."

"Mama, hilo nilikuwa nimelileta kwa ajili ya—"

"Najua ulilileta la nini. Lilaze."

Mjomba alilaza begi, akalipangusa vumbi kwa leso, Bibi akalikalia.

"Na kurudi, Mama? Utarudije?"

"Kurudi utanibeba. Kwani mimi sikukubeba?"

Mjomba akageuza uso upande wa ukuta. Kisha akarudi taratibu hadi penye shimo, akapima udongo kwa ncha ya kiatu kinachong'aa. Kiatu kikazama.

"Nani amefukia hapa?"

"Mimi, Mjomba."

"Kwa kijiko?"

Sikuwa na utetezi. Alikunja suruali, akaingia na viatu vyake vyote, akaanza kushindilia, kisigino kwa kisigino. Nikavua ndala nikaingia upande wa pili. Tulikanyaga bega kwa bega, matope yakimrukia shati, na Bibi akatusimamia kutoka juu ya begi.

"Kanyageni vizuri, msikanyage kama mnaogopa kuliumiza! Na pembeni. Huko pembeni! Kesho napita hapo tena."